Jani la Kabichi Kiunoni

Bibi Mkunde aliingia karakana yangu saa sita kasoro robo mchana akitembea ubavu ubavu, na mimi, fundi wa betri mwenye miaka kumi na tisa kazini, nikajidanganya kwamba ni mambo ya uzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwantumu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na hii baridi ya leo?"

"Tunaivumilia. Za kwako wewe?"

"Nzuri tu, mwanangu. Nzuri kabisa," akasema, huku ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. "Twende basi ukanijazie. Fainali saa kumi, na wale wa Mtae nasikia wameshafika. Wanakula mapeasi yetu bila hata kunawa."

Alikuwa na miaka themanini na moja na ndiye senta wa timu ya Kwemkuyu. Zamani wazee wa milima hii ya Usambara wakifika sabini walikaa nyumbani wakisubiri kutembelewa. Siku hizi wanavaa miguu ya msaada, vyuma vyepesi vinavyopanda kutoka nyayoni hadi kiunoni, na ukimtafuta mzee nyumbani humpati. Ligi ya mpira wa pete ya mabibi ina timu tisa na mashabiki wenye mdomo mchafu. Mwaka jana refa aliondoka uwanjani akikimbia.

"Ngoja kwanza nikague kasha la betri," nikasema.

"La nini? Liko sawa."

Nikalegeza mkanda wa nyonga. Kitu laini cha kijani kikadondoka katikati ya kasha na blauzi yake, kikaangukia meza yangu. Nikakigeuza kwa bisibisi. Kilikuwa jani la kabichi, na lilikuwa limeiva.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Mboga."

"Naona ni mboga. Inafanya nini kiunoni?"

"Jana asubuhi nilipoiweka ilikuwa mbichi."

Akacheka, na akicheka yeye huwezi kujizuia, nami nikacheka. Kisha nikainua upindo wa blauzi kabla hajaniwahi. Kwenye nyonga ya kulia palikuwa na alama nyekundu ya mstatili, ukubwa wa kiberiti, na katikati yake lengelenge. Kipimo kile nilikijua. Kilikuwa kipimo cha rizista niliyomfungia mwenyewe wiki tatu zilizopita. Kicheko kikanikauka.

"Shusha nguo yangu," akasema bibi. "Hakuna kitu hapo."

*

Niliitoa ile rizista, nikaiweka mezani. Kipande cha udongo mweupe, pete tatu za rangi zimezunguka mwili wake: nyekundu, nyeusi, dhahabu. Zinasomeka omu mbili, ndiyo nguvu yake ya kuzuia umeme.

Hesabu yake anaijua hata mtoto wa darasa la sita. Waya wa kijiji unaleta volti ishirini na nne kutoka kwenye paneli. Betri yenye njaa ina volti kumi na nane. Tofauti ni sita, na hiyo sita ndiyo inayosukuma umeme uingie. Ukiuacha hivi hivi utaingia kwa fujo, ndiyo maana katikati tunaweka rizista, iuambie taratibu. Sita ukigawanya kwa omu mbili unapata ampea tatu, wakati betri hizi za chumvi zimetengenezwa kunywa ampea moja. Betri inajaa upesi, ndiyo, lakini inapata homa. Rizista nayo inabaki na wati kumi na nane za joto ambazo lazima ziende mahali, na mahali palipo karibu ni ngozi ya mtu.

Kuvivua vile vyuma wakati wa kuchaji hakuwezekani, kwa sababu kuvifunga upya ni kazi ya siku nzima. Mtu anachajiwa amevaa.

Sasa utauliza, kama hesabu niliijua, kwa nini nilifunga omu mbili? Ni swali zuri na sina jibu la kujivunia. Niliambiwa na Mshauri.

Mshauri ni sauti inayokaa kwenye kisanduku cha mbao, kimoja kila karakana na kimoja kila uwanja. Hapimi mtu chochote. Hapo nyuma kuna kizazi kilichovaa saa na mikanda iliyowapima mapigo ya moyo, usingizi na jasho, kisha ikapeleka habari zao kwa waajiri wao, na watu walipoamka waliamka na hasira. Ikatungwa Sheria ya Kuulizwa: mwili hauchunguzwi, mwili unaulizwa. Hakuna kipima joto kinachoruhusiwa kugusa ngozi ya mvaaji. Kila wiki Mshauri humuuliza mwenyewe, naye anachojibu ndicho kinachoandikwa, hata daktari hawezi kukifuta. Naipenda sheria hiyo. Mama yangu aliandamana kwa miguu yake kuipigania.

Basi Mshauri alianza na rizista za omu sita nukta nane. Akauliza, "Habari za joto?" Wavaaji wote wa wilaya wakajibu nzuri. Akaona kuna nafasi ya kuwaharakishia kuchaji, akashuka hadi omu nne na kidogo. Nzuri. Akashuka hadi tatu. Nzuri sana. Akafika mbili, na mabibi kumi na wanne wa fainali ya leo wakajibu nzuri kwa sauti moja, huku wakikaangika.

Waliomtengeneza Mshauri walitoka mahali ambako mtu akiulizwa hali yake anaitaja.

"Mshauri," nikaita, "muulize Bibi Mkunde sasa hivi."

"Bibi Mkunde Shekalaghe," kikasema kisanduku kwa adabu zote, "habari za joto?"

"Nzuri, ila..."

"Asante. Nimeandika: nzuri." Kengele ndogo ikalia.

Bibi akafunga mdomo. Kengele ile nimeisikia mara elfu na zaidi, na sijui kama nilikuwa kiziwi au mjinga, maana siku ile ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinakatwa nayo. Sote tunajua habari ya kweli ya mtu inaanzia wapi. Unasema nzuri, unasema tunamshukuru Mungu, halafu ndipo unasema ila mtoto hajalala siku tatu. Mshauri alikuwa anachukua salamu na kuondoka kabla ya habari.

"Ila nini, bibi?"

"Ila nimechelewa. Irudishe hiyo."

*

Sikuirudisha. Nilimwambia akae anywe chai, nikaenda nyuma kwenye droo zangu.

Rizista ya omu sita nukta nane ina pete ya bluu, ya kijivu na ya dhahabu. Ukigawanya sita kwa hiyo unapata ampea moja pungufu kidogo, na joto ni wati tano tu na ushee. Omu sita kamili ingetosha kwa hesabu, lakini haipo kwenye droo, na ukikosa namba yako unapanda juu, hushuki. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyoacha kufanya.

Nikaishika mkononi. Kisha nikatoa rangi ya kucha, nyekundu na nyeusi.

Wazo lilikuwa jepesi. Kupaka pete mbili juu ya zile za kweli, kuifunga, na bibi akitazama aone omu mbili zake. Mchakato wa kuchaji ungekuwa mrefu, betri isingejaa, ningesema paneli zina ukungu. Lengelenge lingepona. Hakuna ambaye angejua, na hasa lisingejulikana lile jambo nililokuwa naliogopa: kwa Sheria ya Kuulizwa, fundi aliyemuunguza mvaaji anaweka koleo chini siku hiyo hiyo, na haligusi tena mpaka baraza la wavaaji limrudishie. Kazi hii ndiyo ninayoijua. Sina nyingine wala sitaki nyingine.

Nilipaka pete ya kwanza. Ilikaa vizuri, nina mkono mtulivu. Nikaitazama ile nyekundu inavyong'aa, nikajiona mimi ni yule yule aliyewavika watu saa za kupima jasho, ninayeamua kuhusu kiuno cha mtu bila yeye kujua, eti kwa faida yake. Nikaona aibu. Nikachukua kitambaa, nikaifuta mpaka kidole kikauma.

Nikarudi mbele na rizista yangu isiyopakwa, nikaiweka mbele ya kikombe chake.

"Bibi, hii ndiyo inayokufaa. Kwa muda uliobaki haitajaza betri. Ile nyingine inakuunguza, na wewe unajua, na mimi najua. Sifungi yoyote mpaka uniambie kwa kinywa chako."

Akatazama chai.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki ya pili."

"Na kila wiki unaulizwa, kila wiki nzuri. Kwa nini, bibi? Unataka kombe kiasi hicho?"

Hapo akakasirika. Akaniangalia kwa lile jicho alilokuwa akiwatolea wachezaji miaka ile alipokuwa mwamuzi wa mkoa.

"Kombe! Kombe nitalipikia nini? Wewe mtoto, ningesemaje vibaya? Hiyo rizista aliifunga nani?"

Nikaigeuza geuza ile rizista mezani.

"Aliifunga nani, Mwantumu?"

"Mimi."

"Haya. Nikisema vibaya, koleo lako linakwenda wapi?" Akavuta kikombe, akanywa, akakirudisha kwa kishindo. "Jani la kabichi halinishindi. Ngozi ya makalio ya miaka themanini nani ataiangalia? Wewe una watoto watatu. Ila hili lengelenge linauma, mwanangu. Usiku nalalia tumbo."

Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake, nikauweka usoni pangu.

*

Banda la uwanjani lilikuwa limejaa. Timu zote mbili zimekaa kwenye mabenchi, Mtae upande wa mlango, Kwemkuyu upande wa dirisha, kila bibi na waya wake tayari kiunoni, wakisubiri niwafungulie umeme. Walikuwa wanatukanana vizuri. Wakati huo huo kapu la majani mabichi ya kabichi lilikuwa linapita kutoka benchi hadi benchi, kila mmoja anachukua lake, anakunja, anachomeka. Hata mahasimu walikuwa wanachaguliana majani yasiyo na matundu.

"Mwantumu kafika!" akapaza sauti Bibi Tabia, nahodha wa Mtae, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Fungua moto, tuwafunge hawa mapema, tukalale!"

Kabla ya umeme kuachiliwa, Mshauri hana budi kumsalimu fundi. Ni kipengele cha sheria ambacho hakuna anayekisikiliza.

"Fundi Mwantumu Shemhilu," kikasema kisanduku kilichoko juu ya nguzo, "habari za kazi?"

Midomo yangu ikaanza yenyewe kusema lile neno. Nikaizuia.

"Mbaya."

Kapu la kabichi likasimama njiani.

"Samahani, fundi. Sijasikia vizuri. Habari za kazi?"

"Umesikia. Mbaya. Nimemuunguza mvaaji. Bibi Mkunde Shekalaghe, nyonga ya kulia, rizista ya omu mbili. Niliifunga mimi, na hesabu yake niliijua kabla sijaifunga."

"Mwongo huyo!" akapiga kelele Bibi Mkunde kutoka nyuma yangu. "Mshauri, usiandike! Mimi mzima! Nzuri! Nzuri!"

"Umeme umefungwa," akasema Mshauri. "Fundi, weka koleo chini."

Nikaliweka juu ya benchi. Miaka kumi na tisa, na lilitoa mlio mdogo tu. Kifua kilikuwa chepesi kuliko asubuhi.

Bibi Tabia ndiye aliyesimama kwanza. Alinitazama, akamtazama Bibi Mkunde ambaye bado alikuwa anabishana na nguzo, kisha akachomoa jani lake la kabichi na kulitupa chini.

"Kama binti ni mwongo," akasema, "na hii yangu nani kaichora?" Akafunua nyonga. Mstatili, mwekundu, ukubwa wa kiberiti. "Wiki nne. Na fundi wetu ni mkwe wangu, ningemsemaje?"

"Mimi mbili," akasema mmoja wa benchi la dirishani.

"Mimi nilidhani ni upele."

"Upele gani wa kona nne, mama?"

Basi yakafunguka. Sijawahi kusikia kitu kama hicho katika milima hii ya watu wanyenyekevu. Mabibi kumi na wanne walisema vibaya kwa pamoja, na walipomaliza nyonga wakaendelea na magoti, na vyuma vinavyolia, na wakwe, na barabara ya Lukozi. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Mshauri alijaribu kuandika, akashindwa.

"Naomba msaada," akasema kisanduku. "Majibu haya yanapingana na majibu ya wiki ishirini na mbili. Wavaaji hawa hawa walisema nzuri. Niamini lipi?"

"Yote," nikamwambia. "Mtu akikwambia nzuri, ujue ndiyo kwanza amefungua mlango. Usiandike. Nyamaza, hesabu mpaka kumi."

"Nitakuwa nasubiri nini?"

"Akimaliza adabu, atakwambia."

Mshauri alikaa kimya kidogo. Nadhani alikuwa anahesabu. "Rizista zote zinarudi omu sita nukta nane," akasema mwishowe. "Umeme utafunguliwa zikishabadilishwa. Kwa saa zilizobaki, betri hazitafika nusu."

"Nusu inatosha robo mbili za mchezo," akasema Bibi Tabia. "Tutawafunga kwa robo mbili."

"Na nani atabadilisha?" mtu akauliza.

Wote wakaniangalia, kisha wakaliangalia koleo pale kwenye benchi. Fundi wa karibu yuko Mtae, mwendo wa saa tatu. Na mimi mikono yangu ilikuwa imekatazwa.

Bibi Mkunde akatembea ubavu ubavu, akalichukua.

"Sheria inasema asiguse," akasema. "Imesema asiseme?"

Hakuna aliyekumbuka kipengele kama hicho.

*

Nilichuchumaa sakafuni mwa banda, mikono nimeibana kwapani nisije nikajisahau, na kisanduku cha rizista nilichobeba kutoka karakana kikiwa wazi mbele ya mabibi kumi na wanne. Nimefundisha wanafunzi wengi, lakini hawakuwahi kunibishia hivi.

"Pete ya bluu kwanza," nikasema. "Halafu kijivu. Halafu dhahabu."

"Hii?" Bibi Mkunde aliinua moja kuelekea dirishani, akikunja jicho.

Bluu. Kijivu. Pete ya tatu ilikuwa inang'aa sana kwenye mwanga. Nikasogea.

"Bibi, iweke chini hiyo. Taratibu. Hiyo ya tatu ni fedha."

"Fedha, dhahabu, si vyote vito?"

"Ya dhahabu ni omu sita nukta nane. Ya fedha haifiki hata omu moja. Hiyo itakupa ampea karibu tisa, na jani la kabichi lenyewe litawaka."

Aliitupa kama imemuuma. Bibi Tabia akaanza kuzikagua zote moja moja, akizitenga za fedha upande wake, akizisoma kwa sauti kama anasoma majina ya marehemu. Baada ya hapo hakuna aliyenibishia.

Bibi Mkunde alisema ataanza yeye. Aliikaza miguu ya rizista kwenye vibanio vyake, skrubu moja, skrubu ya pili. Nikamwambia aache nafasi ya hewa chini ya rizista, udongo wake usilale juu ya kasha. Akaacha. Nikamwambia avute waya kidogo aone kama umeshika. Akavuta. Ulikuwa umeshika. Kazi ile niliiona ni safi kuliko nyingi zangu, nikamwambia hivyo, akaniambia ninyamaze nisimpoteze.

"Fungua," akasema.

Umeme ukafunguliwa. Sindano ya mita ya umeme ikapanda, ikasimama chini kidogo ya ampea moja. Bibi aliweka kiganja juu ya nyonga, bila jani, akakaa hivyo. Dakika zikapita. Dakika ya ishirini Mshauri akauliza.

"Bibi Mkunde Shekalaghe, habari za joto?"

"Nzuri," akasema.

Kengele haikulia. Mshauri alinyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo, na nadhani kila mtu pale bandani alikuwa anahesabu: nne, tano, sita. Sikuwahi kuogopa neno moja dogo kiasi kile. Nane. Tisa. Bibi alikuwa amefumba macho, kiganja bado nyongani, anausikiliza mwili wake bila haraka yoyote.

Kumi.

"Ila?" akauliza Mshauri.

Bibi Mkunde akafumbua macho, akaniangalia mimi, si kisanduku.

"Hakuna ila," akasema. "Mleteni wa pili."

Nikaangua kilio mbele ya watu wote, mikono yangu ikiwa bado kwapani, na ikabidi Bibi Tabia wa Mtae anifute pua.